Sentensi Ambayo Mwalimu Alikataa Kuifuta

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliondolewa Élisabethville kwa sababu ya sentensi moja yenye maneno kumi. Sentensi ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asitokee mtu huko mbele akaniambia kwamba ninamsifu marehemu ili nijisafishe. Sijisafishi. Ninamsifu kwa sababu anastahili, na atakayebisha aje tubishane. Meno bado ninayo.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui wala sikuuliza. Wengine walisema ni mtu wa Nyasa, wengine walisema hapana, ni wa huku huku aliyekulia kusini. Yeye akiulizwa ametoka wapi alijibu, "Nimetoka kazini," na kweli alikuwa ametoka kazini. Kwenye cité, mtaa wa watu weusi, miaka ile ukisema "mwalimu" watu walielewa mwalimu wa katekisimu, yule anayetembea na rozari na fimbo. Huyu wetu tulimwongezea mkia: Mwalimu wa Kiingereza. Kazi yake ya mkate ilikuwa ukarani pale gare, stesheni ya treni. Treni za kusini zilipitia Rhodesia, kila sanduku likashuka na Kiingereza chake, na wakubwa wa gare walikuwa Wabelgiji ambao Kiingereza kwao kilikuwa kama pilipili machoni. Kwa hiyo mtu mweusi mwenye koti jeupe ndiye aliyewasomea. Jambo hilo liliwauma, na yeye alijua linawauma, na kila asubuhi alipiga pasi lile koti vizuri zaidi.

Alikuwa na penseli nyekundu. Aliichonga kwa wembe, akaiweka mfuko wa kifuani, na haikutoka pale ila kwa kusahihisha. Alisahihisha kila kitu kilichoandikwa. Kibao cha fundi cherehani alikisahihisha fundi akiwa amekaa chini yake, anashona. Ubao wa uwanja wa mpira aliusahihisha wakati wa mapumziko, timu zote mbili zikimtazama. Watu walimcheka, lakini nimeona mara nyingi mtu akimaliza kucheka anarudi peke yake kuangalia ile alama nyekundu, midomo inamtembea.

Kati ya maneno yote ya Kiingereza, moja alilipigania kuliko mengine: *mission*. Sisi tulidhani tunalijua. Misioni ni kwa bapadri, ukuta wa matofali, kengele, masista, bustani ya kabichi. Nani asiyeijua misioni? Mwalimu alikuwa akisikia hivyo anashika kichwa. "Ile neno shina yake ni kutuma," alisema. "Iko neno ya kutembea. Balichukua neno ya kutembea, baliijengea ukuta!"

Tulikuwa wanafunzi wanane barazani kwake kila Jumapili alasiri, wanaume saba na mimi. Somo la neno lile lilichukua Jumapili tatu, kwa sababu Kiswahili chetu cha Katanga kilitushika miguu. Sisi "niko" yetu moja inabeba mizigo yote. Niko ku misioni. Niko mu misioni. Niko na misioni. Basi siku ya kwanza alipotuambia tuseme kwa Kiingereza, nilisimama nikasema kwa sauti nzuri kabisa: *I am mission.*

"Weye njo misioni?" aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Weye mwenyewe, mama? Nyumba ya bapadri? Sasa bapadri bote batalala mu tumbo yako?"

Wanaume saba walicheka mpaka kuku wakatoka uani. Nilikaa chini na aibu yangu, na nikaapa moyoni kwamba neno hilo nitalijua kuliko wote wale saba.

Alichora kwa kijiti, pale chini kwenye vumbi, michoro mitatu. Mmoja nyumba yenye msalaba. Wa pili barabara. Wa tatu mtu, na ndani ya kifua cha mtu akatia kokoto. "Kingereza hakiamini ile 'niko' yenu," alisema. "Kinakuuliza. Uko fasi gani? Uko ku ile nyumba, unasema *at the mission*. Uko njiani, muntu amekutuma, unasema *on a mission*. Ao uko na kintu ndani, kintu unapashwa kukifanya mbele ya kufa? Ile unasema *I have a mission*. Na ile *a* kadogo musiitupe. Munaitupa sawa mifupa ya samaki, lakini bila ile unakuwa nyumba ya bapadri, sawa huyu mama."

Nikamuuliza, "Na ile ya ndani, Mwalimu, ile ya kokoto, nani anatuma?"

Hapo ndipo aliposema lile ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Ukisikia *mission*, uliza kwanza: mutumaji eko nani? Kama hakuna, jitume. Ata miye hakuna muntu alinituma kuwafundisha."

Wakati huo kila mtu mweusi wa mji ule alikuwa ametumwa na mwingine. Kuna aliyetumwa shimoni, kuna aliyetumwa jikoni kwa Madame, kuna aliyetumwa na karatasi kupeleka karatasi. Kumwambia mtu wa namna ile "jitume" ilikuwa hatari, na yeye alilisema barazani, mchana, mlango wa ua ukiwa wazi.

Palikuwa na karani mmoja wa Leta pale kwetu, yaani karani wa serikali, mkalimani wa ofisi, kichwa amekichana njia katikati. Kifaransa kilimtoka kama maji, Kiingereza hakujua hata cha kuombea chumvi. Kila alipotumwa vijijini mke wake alitangaza bombani: "Bwana yangu eko mu mission!" Kifaransa ndivyo kinavyosema, mtu wa ofisi akisafiri yuko *en mission*. Baada ya juma moja alirudi na baiskeli yenye kuku kila upande, wamefungwa miguu, vichwa chini. Siku moja Mwalimu alimkuta bombani, mbele ya wanawake kumi na ndoo zao.

"Karani, ulikuwa mu mission?"

"Ndiyo, mission ya Leta."

"Muntu wa mission anapeleka kintu: barua, neno, dawa. Weye ulipeleka nini?"

Mwalimu akawahesabu wale kuku kwa penseli, polepole. "Hawa njo bako mu mission," akasema. "Balitumwa ku chungu."

Tulicheka tukamwaga maji. Karani hakucheka, na mtu aliyechekwa bombani hasahau.

Hata wakubwa zake hakuwaacha. Siku moja pale gare liliingia behewa lenye masanduku yaliyoandikwa *For the Mission*. Mkubwa wa gare akasema pelekeni kwa mapadri. Mwalimu akasoma karatasi yote, si lile neno tu, akasema hii mission si ya mapadri. Ni kundi la wapimaji wa ardhi waliotumwa na serikali, Kiingereza nalo kinawaita hivyo. Mkubwa akamwambia afunge mdomo, mission ni mission. Mwalimu alifunga mdomo, ila alitoa penseli akaandika juu ya kila sanduku: *Not this one.* Siyo hii. Masanduku yalienda kwa mapadri. Wakafungua wakakuta buti za porini, vyombo vya kupimia vyenye miguu mitatu, na chupa za wiski zimelazwa kwenye majani. Buti zilirudi siku ileile. Chupa zilichukua muda.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali mpaka kero. Mtu mzima, baba wa watoto sita, yeye alimsimamisha ukutani kwa sababu ya herufi moja. Hakuwahi kusema "vizuri" kwa mdomo. Akiridhika alitia alama yake nyekundu kama kikonyo cha mchicha na kukurushia daftari. Alichukia kanisa na bado akipiga pasi aliimba nyimbo zake, zote, na beti za mwisho ambazo hata mapadri huziruka. Hakumwita mtu yeyote "Bwana", awe mweupe awe mweusi, na mkubwa wa gare alipomdai heshima hiyo alimwambia angeweza kumpa "mister", kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo akiba. Mtu huyohuyo alikuwa anaogopa mbwa. Mbwa mdogo wa jirani, mwenye jicho moja, alimfanya azunguke njia nzima ya soko. Tulimwona akirukia baraza za watu, koti jeupe juu, na tuligeuza nyuso ili asijue tumeona.

Mimi nilimuuliza siku moja jambo lililonisumbua. "Mwalimu, weye haupendi Bazungu. Juu ya nini unapenda luga yabo?"

"Shoka ya muntu mubaya," alinijibu, "nayo inakata muti."

Sasa nieleze niliendea nini pale, maana mwanamke wa mfanyakazi wa reli hakuwa na kazi na Kiingereza. Dada yangu aliolewa ng'ambo, Rhodesia, na karani aliyekuwa na kiburi cha kuandika Kiingereza tu. Barua za dada zilikuja kwa jina la mume wangu, kama ilivyokuwa desturi. Yeye alizifungua, akazitazama, akazikunja, akaniambia, "Banakusalimia." Kurasa nne, banakusalimia. Nilimwambia anipeleke kwa mtu nikajifunze kusoma mwenyewe, akasema maneno ambayo wanaume wa camp ya reli waliyapenda sana: mwanamke anayejua kusoma barua kesho ataandika yake. Lakini kokoto ilikuwa kifuani. Basi kila Jumapili baada ya chakula nilijifunga kitambaa, nikashika rozari na kumwambia, "Naenda ku misioni," naye akaniambia niwaombee wote. Nilipomweleza Mwalimu uongo wangu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akicheka mpaka machozi. "Hukudanganya," alisema. "Ulikosa kaneno kadogo tu. Ulisema *at*, ungesema *on*."

Daftari langu, kaye kama tunavyoita, halikuwa na jina juu. Ya wengine wote yalikuwa na majina. Langu niliacha tupu kwa woga, na kaye yenyewe ililala kwa Mwalimu.

Mwisho wa Jumapili ya tatu ya neno lile alitupa kazi: kila mtu atunge sentensi yake ya *I have a mission*, upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia Kiswahili. Niliandika kushoto: *I have a mission and my husband will not know.* Niko na mission na mume wangu hatajua. Kulia, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kusonga bukari, ugali wetu, niliandika: "Niko na mission na bwana hatajua." Neno "yangu" nililiacha. Kwa mwanamke wa kwetu lilikuwa la nini? Bwana ni bwana, yuko nyumbani, anasubiri kula. Mwalimu alikagua Kiingereza tu, maana Kiswahili chetu alisema kilishamshinda. Alitia alama yake nyekundu pembeni, kubwa. Sijawahi kupata kubwa kama ile.

Lakini kwetu bwana ni wawili. Mume ni bwana, na Mzungu wa kazi naye ni Bwana.

Miezi ile Leta ilikuwa haina usingizi. Dini moja ilikuwa imepanda kutoka kusini na vitabu vya Kiingereza, ikiwaambia watu kwamba wenye dunia watabadilishwa, na Leta ikawa inamwogopa kila mtu mwenye karatasi ya Kiingereza nyumbani. Wakafika kwa Mwalimu Jumamosi mchana. Afisa mmoja Mzungu, askari wawili, na mkalimani: yule karani wa kuku, njia yake katikati ya kichwa.

Watu tulijaa. Mimi nilikuwa pale na mume wangu, aliyekuwa ametoka kazini na kofia yake ya reli bado kichwani, tumesimama bega kwa bega. Walitoa vitabu nje, kamusi, Biblia, zile kaye nane. Karani alifungua moja moja akasoma upande wa Kiswahili, upande aliouweza. Akafika kwenye ile isiyo na jina. Akasoma kimya, akatabasamu, akasoma kwa sauti: "Niko na mission na Bwana hatajua." Kisha akamgeukia afisa kwa Kifaransa. Kifaransa sikukijua, ila neno *Blanc* lilijulikana na kila mtoto wa cité. Mzungu hatajua. Kama alikosea au alikusudia, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nina mawazo yangu, na mke wake bombani alimwita yeye "bwana yangu" mara ngapi?

Afisa alishika kaye, akaona ile alama nyekundu. "Kaye ya nani hii?"

"Ya mwanafunzi yangu," Mwalimu alisema.

"Jina yake?"

"Haina jina. Ona."

"Na hii nyekundu, ni weye?"

"Ni miye."

"Inasema nini?"

"Inasema sentensi iko muzuri."

Kwa dakika ile nzima angeweza kuokoka kwa neno moja. Angenyoosha kidole upande wa kushoto, akasema *husband* maana yake mume, ni mambo ya mke na mume, na hata yule afisa angecheka. Alijua. Aliinua macho, akaniona, akamwona mume wangu pembeni yangu, akaona kofia ya reli. Akayashusha macho kwenye kaye. Mimi nami nilikuwa na mdomo, na mdomo ule ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji.

Afisa hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alitaka kumaliza aende akale. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Weye futa hii. Weka nyekundu, sema iko mubaya, sema mwanafunzi alikosa. Miye narudi nyumbani, weye nabaki mu nyumba yako."

Mwalimu alitoa penseli. Tukashusha pumzi. Alisoma ile sentensi tena, neno kwa neno, kidole chini yake, kama alivyotufundisha. Kisha akairudisha penseli mfukoni.

"Hapana," alisema.

"Futa!"

"Iko sawa. *A* iko, *will* iko, yote iko mu fasi yake. Nikifuta sentensi iko sawa juu weye unaogopa, Jumapili nitafundisha nini? Unitoshe, unifukuze mu muji, lakini ile haina kosa."

Koti jeupe lilikuwa safi. Walimpandisha kwenye lori na vitabu vyake, na alipopita karibu nasi hakunitazama hata kidogo, na hilo nalo lilikuwa kwa faida yangu.

Jioni ile nilimwekea mume wangu bukari na matembele, nikasimama badala ya kukaa. Nikamwambia, "Ile kaye iko yangu. Na ile bwana iko weye."

Hakuelewa, nikamweleza yote, Jumapili zote, rozari yangu ya uongo, barua za dada. Nilipiga moyo konde nikingojea kofi. Yeye alinawa mikono taratibu ingawa hakuwa amekula.

"Bibi," alisema, "zile barua ulizania nilikuwa nakuficha?"

"Kurasa nne, banakusalimia?"

"Miye sijui Kingereza. Ata neno moja. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Miaka mitatu nilimficha mtu ambaye naye alikuwa ananificha. Nilimwonea hasira, nikamwonea huruma, na zaidi ya yote nilijiona mpumbavu mimi mwenyewe. Kwa ajili ya siri hiyo ya kipuuzi, mtu alikuwa amelala kwenye sakafu ya polisi.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, tulikwenda wote wawili. Mume wangu alivaa kofia yake ya reli na kifungo cha juu akakifunga, na kwa afisa hakuivua. "Bwana ya mu ile kaye njo miye," alisema. "Bibi yangu alikuwa ananificha masomo. Mambo ya nyumba yetu." Nikaonyesha upande wa kushoto, nikasoma *husband* kwa sauti, nikamgeukia karani wa kuku nikamwambia akitafsiri tena vibaya nitamwimbia bombani. Afisa alicheka kweli, mpaka akavua miwani. Akasema basi, hakuna njama, faili imekwisha.

"Na Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameondoka na lori la alfajiri. Karatasi yake ya kukaa mjini ilichanwa. Si kwa sababu ya njama, afisa alisema. Kwa sababu aliamriwa kufuta akakataa, mbele ya watu wote. Nikamwambia: "Basi na miye andika. Na miye nakataa." Alidhani natania. Aliweka kaye yangu ndani ya kabati la chuma, akafunga.

Sikuacha. Nilimaliza Kiingereza na kamusi yake ya pili, ambayo askari hawakuiona chini ya kitanda chake, na wale wanaume saba walikuja kwangu Jumapili, mmoja mmoja kwa aibu, kisha wote. Mume wangu akawa wa nane. Barua ya kwanza niliyoisoma mwenyewe, dada alikuwa anauliza mara nne, ukurasa kwa ukurasa, kwa nini simjibu.

Miaka ikaenda. Vita ilikuja ikapita, watoto wakakua. Kisha madereva wa malori ya samaki wakaanza kusimulia kwamba kule Kilwa yetu, si ile ya pwani, kwenye ziwa Mweru, kuna mzee mmoja kichwa ngumu anayewachelewesha, kwa sababu hakubali kikapu kipakiwe lorini kikiwa na maandishi yenye kosa. Niliwauliza anaandika kwa rangi gani. Wakasema nyekundu.

Nilipanda lori la samaki. Njia ya Kilwa miaka ile haikuwa njia, ilikuwa adhabu. Tulilala mara mbili matopeni, na nilifika nanuka kama mzigo wenyewe. Nilimkuta forodhani mchana, amekaa juu ya sanduku, nywele nyeupe zote, koti lile si jeupe tena lakini lina mstari wa pasi. Mbwa alikuwa amelala hatua kumi kutoka kwake, na mzee alikuwa amegeuza sanduku ili asimpe mgongo. Ng'ambo ya maji ilikuwa nchi ya Waingereza.

Nikapiga goti kidogo, kama mtu kwa mzazi. "Mwalimu, unanikumbuka?"

"Kaye bila jina," akasema.

"Ile siku nilinyamaza, Mwalimu."

"Nilikuona."

"Na weye ulinyamaza."

"Miye nilinyamaza juu ya kukuficha, ile njo ilikuwa mission yangu. Weye ulinyamaza juu ya woga." Alilisema bila ukali, kama anavyosahihisha herufi. Liliniuma kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Bwana yangu anakusalimia," nikasema. "Kurasa nne."

Hilo hakulielewa, nikamweleza, akatikisa kichwa. Kisha nikatoa kwenye kikapu changu kaye mpya. Juu yake nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, na chini ya jina, majina ya wanafunzi wangu kumi na tisa. Aliyasoma yote, moja baada ya jingine, midomo inamtembea. Akafungua ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeinakili hapo ile sentensi, maneno kumi, kama ilivyokuwa kabla ya kufungiwa kabatini: *I have a mission and my husband will not know.*

Alitoa penseli yake nyekundu. Ilikuwa fupi, imebaki kama kidole gumba. Alisoma neno kwa neno, kidole chini ya kila moja, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha, mzee yule aliyekataa mbele ya askari na mbele ya mji mzima, akapiga mstari mwekundu, mnene, juu ya *will not know*, na juu yake akaandika *knows*, anajua.

"Sasa njo iko na kosa," alisema, na akanirudishia kaye. "Andika upya."